Muulize Fundi: Mnara Ukizima, Nani Atakusikia?

Toleo lililopita niliahidi kujibu maswali ya sola, naomba radhi yatasubiri kidogo, maana meseji za redio za upepo zimekuwa nyingi mno na nyingine zinatoka kwa watu ambao kesho tu wanaingia baharini. Woki toki, redio koli, simu ya upepo, iteni mnavyoitaga, leo ukurasa wote ni wao. Barua nimezifupisha, majina sikuyaandika.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa fukwe, huku Somanga, Kilwa. Kile kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitufundisha, barabara ya Dar ilikatika huku kwetu, umeme hamna, mnara ukazima, na tulikuwa na boti mbili hatujui zimejificha wapi mpaka kesho yake jioni ndo zikatokea. Sasa wanakikundi wamechanga pesa, kuna kijana anatuletea woki toki 10 kutoka Kariakoo, boksi limeandikwa kilomita 20. Tuchukue? Na hiyo leseni ni lazima hata kwa sisi wavuvi?

Mwenyekiti, shikamoo, na poleni sana kwa yaliyowapata. Jibu la haraka ni kwamba msichukue kwanza, hiyo pesa ya wanachama ikae.

Kabla hujafikiria aina ya redio nijibu hili, boti ikipiga saa 8 usiku nani yuko upande wa pili? Nataka jina. Kikundi kinaweza kununua redio nzuri kabisa, zote zikaenda baharini na nyingine moja ikafungiwa kwenye kabati la katibu, siku ya tatizo nahodha anaita anaita anajibiwa na mawimbi. Kwa hiyo anzeni na wasikilizaji, watu wawili au watatu wanaopokezana zamu, mahali pamoja panapojulikana, na kaunta buku mezani. Kila siku saa 12 jioni boti zilizo nje ziite kituo, kituo kiandike jina la chombo, muda, na mahali kilipo. Ikifika saa 12 na nusu kuna boti haijaita, mtu anajua leo, hasubiri mpaka kesho yake jioni.

Sasa hizo kilomita 20 za kwenye boksi. Redio za VHF na UHF, ndo masafa wanayotumia woki toki, zinakwenda karibu kama jicho linavyokwenda, dunia ikijikunja mawimbi hayajikunji sana nayo, yanapita juu yanapotelea huko. Kuna hesabu ndogo ambayo ukiijua hakuna muuzaji atakudanganya tena. Chukua urefu wa antena kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4, hizo ndo kilomita za upande mmoja, fanya hivyo hivyo kwa upande wa pili halafu jumlisha. Mvuvi amekaa kwenye boti, antena ya woki toki iko mita 1 juu ya maji, kipeuo ni 1, kilomita 4. Mwenzake kwenye boti nyingine naye 4. Jumla 8, na hapo ni bahari tupu hamna kisiwa katikati. Hizo 20 ziko wapi?

Lakini simamisheni mlingoti wa mita 16 hapo ofisini kwenu, kipeuo cha 16 ni 4, mara 4 ni kilomita 16, ongeza zile 4 za boti mnapata 20 za kweli. Na boti ikiwa na kijiti cha antena kilichoinuliwa mita 4, inakuwa 24. Mmeona pesa inapotakiwa kwenda? Kwenye mlingoti, antena na kebo nzuri. Watu wanauliza wati ngapi wati ngapi, wati zinasaidia sauti kufika safi ndani ya eneo lako ila haziwezi kuupita mgongo wa dunia, mimi nikiwa na pesa ya kitu kimoja nainua antena.

Kuhusu aina, kwa boti za bahari nawashauri redio za baharini zenyewe, VHF za majini, msichukue za mlinzi wa geti. Sababu kubwa ni chaneli 16. Hiyo ni masafa ya 156.8 MHz, dunia nzima ndo chaneli ya kuitia na ya kuomba msaada, na meli kubwa zinatakiwa kuisikiliza muda wote. Zile meli za makaa ya mawe na korosho zinazoingia na kutoka bandari ya Mtwara mnazoziona kwa mbali, nahodha wake anasikiliza 16 na antena yake iko juu sana, kwa hiyo hata kama kituo chenu kimelala kuna mtu mwingine baharini anaweza kuwasikia. Hilo huwezi kulipata kwa woki toki za Kariakoo. Chukueni zinazoelea zikidondoka majini, na zenye kiwango cha IP67 maana yake inavumilia kuzama mita 1 kwa nusu saa. IP54 ni ya kurushiwa matone tu, baharini haifai.

Wafundisheni manahodha maneno haya wayajue kama jina lao, kwa sababu nahodha wa meli anaweza kuwa hajui Kiswahili. Chaneli 16, bonyeza, "Mayday" mara tatu, jina la chombo mara tatu, mko wapi, mmepatwa na nini, mko watu wangapi, achia kitufe usikilize. Mahali mlipo mtasoma kwenye simu, hata kama hamna mtandao simu nyingi za tachi bado zinasoma GPS, wekeni programu ya kuonyesha namba za eneo kabla hamjatoka nchi kavu. Na chaneli 16 haipigiwi stori za bei ya samaki, mkishaitana hamieni chaneli ya kazi. Mayday ya uongo ni kosa kubwa, vijana waambiwe mapema.

Leseni, ndiyo, ni lazima. Masafa ni mali ya taifa na msimamizi wake ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kutumia masafa bila leseni ni kosa liwe la mvuvi au la kampuni. Chombo chenye redio ya majini kinaombewa leseni yake ya redio, na kituo chenu cha nchi kavu kinaombewa ya kwake, hamwezi kuchukua redio ya boti mkakaa nayo ofisini mkaanza kuita tu. Kwenye maombi mtaandika nani mwenye mtambo, uko wapi kwa namba za GPS, urefu wa antena, wati, idadi ya redio na modeli yake. Modeli iwe ambayo TCRA imeiidhinisha, ndo maana nasema msinunue kwanza, mnaweza mkakuta redio mnazo mkononi na hazikubaliki. Wao ndo watawapangia chaneli. Leseni ina ada, na inalipiwa tena, kwa hiyo kwenye michango yenu tengeni ya mwaka unaofuata kabisa.

Ushauri wangu, msiende peke yenu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji, pelekeni mpango wenu kwa mtendaji na halmashauri, barua ikitoka halmashauri inakuwa na mwenyewe, na hata viongozi wa BMU wakibadilika kituo kinabaki. Ofisi ya TASAC nayo ijue mna kituo, wao ndo wenye mambo ya usalama wa vyombo majini na uratibu wa utafutaji na uokoaji.

Umeme wa kituo usiwe wa gridi. Redio ya wati 25 ikiwa inasikiliza tu inakula kama ampea 0.4, ikiongea inakula 5 mpaka 6. Ukichukua inaongea dakika 3 kila saa, kwa siku inafika kama ampea-saa 16. Betri ya maji ya ampea-saa 100 usiikamue zaidi ya nusu, kwa hiyo inakubeba siku 3 bila jua, na mvua za kimbunga zinaweza kufunga jua siku hizo zote. Paneli ya sola iwepo lakini hesabu ifanyike kama haipo.

Na kitu cha mwisho kwenu ni chumvi. Hapo kebo inapokutana na antena, baada ya miezi michache ya upepo wa kusi ukiifungua unakuta kutu ya kijani kwenye ule msumari wa katikati, redio inawaka vizuri, taa zote ziko sawa, ila sauti haitoki kwenda popote. Pafungeni tepu ya mpira ile inayojigandisha yenyewe, siyo tepu ya umeme ya kawaida. Redio za mkononi zikirudi kutoka baharini zioshwe maji yasiyo na chumvi zifutwe. Kila siku.

Bro mi niko Mtwara mjini, nina woki toki ya Baofeng UV-5R nilinunua onlaini, nimeiset kwa kompyuta nimeipata mpaka chaneli za askari nasikia wanaongea. Siongei mi nasikiliza tu, na nimeiweka kwa ajili ya dharura. Kuna kesi hapo? Si nasikia kwenye dharura unaruhusiwa kutumia chochote?

Mdogo wangu, futa hizo chaneli leo. Sikuogopeshi, ila hiyo redio inafunguka kurusha kuanzia 136 mpaka 174 MHz na kule juu kwenye 400 na kitu, ndani ya hapo kuna watu wa ulinzi, kuna meli, kuna watu wenye leseni zao, kidole kikiteleza kwenye kitufe umeingia katikati ya mawasiliano ya watu walioko kazini. Na mawasiliano ya vyombo vya ulinzi sio ya kukaa kusikiliza.

Hilo la dharura kweli lipo, kanuni za kimataifa za redio zinasema aliyepatwa na hatari anaweza kutumia njia yoyote aliyonayo kuita msaada. Lakini hilo ni la mtu anayezama, sio kibali cha kukaa na redio isiyo na leseni miaka miwili ukisubiri uzame. Halafu fikiria, siku hiyo utamwita nani? Hakuna anayekujua kwenye masafa yoyote, hakuna anayekusubiri. Kama unaipenda hii kitu, na naona unaipenda, soma jibu la mwalimu wa Masasi hapo chini, kuna njia yako halali.

Ndugu Fundi, mimi ni katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, Tandahimba. Msimu wa korosho tunahangaika na mawasiliano kati ya maghala, magari na ofisi. Kampuni moja imekuja na redio za laini, wanasema umbali hauna mwisho, Tandahimba unaongea na Dodoma, na hazihitaji leseni ya masafa. Bei sio mbaya. Tukizichukua tutakuwa tumeshapata na mawasiliano ya dharura?

Katibu, za kazi za kila siku ni nzuri na sina ubaya nazo. Za dharura, hapana. Ile ni simu iliyovaa umbo la woki toki, ndani ina laini, sauti yako inapanda mnara uleule wa simu inakwenda kwenye intaneti inarudi kushuka mnara mwingine. Ndo maana umbali hauna mwisho. Mnara ukizima, na redio imezima. Akiba inayotegemea kitu kilekile kilichoharibika sio akiba.

Na si lazima mnara wenu uguswe. Tarehe 12 Mei 2024, wiki moja tu baada ya Hidaya, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikasumbua nchi nzima, hapo minara imesimama wima na umeme upo. Redio ya laini ambayo seva yake iko nje ya nchi siku ile ingekuwa pambo.

Kwa hiyo mkipenda zichukueni kwa kazi, lakini pembeni muwe na mtandao mdogo wa kwenu wenyewe, redio za kawaida zinazoongea moja kwa moja bila mnara wa mtu. Ndani ya ghala la bati na kati ya majengo UHF inapenya vizuri zaidi, kati ya ofisi na magari barabarani VHF yenye antena juu ya paa la gari. Mko juu ya uwanda wa Makonde, hiyo ni zawadi, ripita moja ikikaa pembeni kabisa mwa uwanda upande wa Newala inaona sehemu kubwa ya bonde la Ruvuma. Ripita ni ile mashine inayosikia kwa masafa moja na kurudia kwa masafa nyingine hapohapo, redio ndogo mbili zisizoonana zikaongea kupitia kwake. Ila mkae mkijua mnatazamana na Msumbiji, mawimbi hayajui mpaka, TCRA wataliangalia sana hilo kwenye maombi na wanaweza kuwapunguzia wati au kuwaelekeza antena. Wasikilizeni, maana ukivuruga masafa ya upande wa pili ya kwako pia yatavurugwa.

Mtaambiwa pia kuhusu toni, ule mlio mdogo usiosikika ambao redio inauweka chini ya sauti yako, kwamba ukiweka toni kwenye chaneli hakuna mtu mwingine anakusikia. Sio kweli. Toni inakuzuia wewe kusikia wengine, ila mwenye redio isiyo na toni anakusikia neno kwa neno. Msitaje hela ya mnada, msitaje gari la pesa limefika wapi. Hilo nimelirudia kwa kila chama kilichoniuliza na nitaendelea kulirudia, kwa sababu mtu anaweza kufa kwa sentensi moja.

Fundi shikamoo. Mi ni nesi kwenye zahanati moja Liwale, ndani kabisa, mjini ni zaidi ya kilomita 40 na njia wakati wa masika unaijua. Mama akipata tatizo tunapiga 115 ya m-mama gari inakuja, ni mkombozi kweli. Shida mtandao ukipotea, na masika unapotea siku mbili tatu, tunabaki tunatazamana. Bibi yangu anasema zamani misheni walikuwa na simu ya upepo wanaongea mpaka mbali. Hizo bado zipo? Woki toki zingefika?

Marahaba dada nesi, na asante kwa kazi unayofanya huko. Hii barua nimeisoma mara kadhaa.

Woki toki peke yake haifiki, msitu ule na tambarare ile utapata kilomita 2 au 3 imeisha. Alichokiona bibi ni HF, masafa ya chini kati ya 3 na 30 MHz, na bado zipo, na ndo jibu lako la kudumu. HF haifuati jicho. Unafunga waya mlalo kati ya miti miwili, usiwe juu sana, mita 4 mpaka 6 kutoka chini inatosha, mawimbi yanapanda juu angani yanagonga tabaka huko yanarudi kama mvua juu ya eneo lote, kuanzia hapo ulipo mpaka kilomita mia kadhaa. Mlima katikati haijalishi, msitu haijalishi. Kutoka kwako mpaka Lindi mjini, kama kilomita 200 hivi kwa mstari ulionyooka, iko ndani kabisa. Waya wa masafa ya 5 MHz kwa mfano una urefu kama mita 28 na nusu, unakatwa katikati hapo ndo inaingia kebo, sio kitu cha ajabu.

Mambo mawili ya kujua. Angani mchana na usiku hapafanani, masafa yanayofika vizuri saa 6 mchana usiku yanaweza kukuacha, kwa hiyo kwenye maombi ya leseni ziombwe mbili angalau, ya mchana ya juu kidogo na ya usiku ya chini kidogo. Na HF ya wati 100 ikiongea inavuta karibu ampea 20, betri ndogo ya taa za zahanati haitaivumilia, iwe na ya kwake ambayo haichomekwi chaja ya simu ya mtu yeyote. Hilo usicheke nalo dada, betri ya redio ikigeuka ya kuchajia simu za kijiji siku ya kuihitaji utakuta imekufa.

Hii sio ya kununua wewe wala kijiji. Mwandikie mganga mkuu wa wilaya kupitia mganga mfawidhi wako, aombe halmashauri, kwa sababu redio yako bila redio nyingine wilayani inayosikilizwa saa zote haina maana. Kwenye barua usiandike tu tunaomba redio. Andika tarehe ambazo mtandao ulipotea na ulipotea kwa saa ngapi, daftari la zamu litakusaidia, andika wagonjwa wangapi walichelewa bila kutaja majina. Pendekeza saa za kuitana, kwa mfano saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku. Mtu wa halmashauri akisoma hivyo anaona kazi ishapangwa, kilichobaki ni kifaa na leseni.

Wakati mnasubiri kuna njia ya katikati. Huko vijijini mara nyingi pana sehemu moja, kilima fulani au shamba la mtu, ambapo simu inashika laini ya mnara wa mbali hata wa hapa kijijini ukiwa umezima. Kama kwenu ipo na iko ndani ya kilomita chache kutoka zahanati, redio mbili za VHF zilizoombewa leseni zinatosha, moja kwako na antena juu ya mti au mlingoti, nyingine kwa mtu mwaminifu anayeishi karibu na pale. Unamwita, anapanda, anapiga 115 badala yako, anakurudishia jibu. Muandae karatasi ya maneno anayosoma ili asibuni, umri wa mama, ujauzito miezi mingapi, damu au kifafa, njia inapitika au haipitiki. Jaribuni kila wiki siku moja, na mjaribu mvua ikinyesha pia, maana majani yaliyoloa yanakula mawimbi na unataka kujua hilo kabla.

Habari Fundi, mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Masasi. Wanafunzi wangu wanapenda elektroniki, nafikiria klabu ya redio. Nimesikia kuna leseni ya watu binafsi ya kujifunza. Ipo Tanzania? Na inaweza kusaidia wakati wa maafa?

Mwalimu, ipo, na natamani kila sekondari ya kusini ingekuuliza swali hili. Inaitwa leseni ya redio ya ridhaa, inatolewa na TCRA hiyohiyo, ukiipata unapewa jina la kuitia linaloanza na 5H, hiyo ndo Tanzania kwenye redio duniani kote, mtu wa Japani akisikia 5H anajua kabisa anaongea na wapi. Unaruhusiwa kujenga mitambo yako, kujaribu antena, kuongea na wenzako kwenye masafa yaliyotengwa, kwa mfano 144 mpaka 146 MHz kwa karibu na 7 MHz kwa mbali. Hairuhusiwi biashara, huwezi kuitumia kuagiza mzigo wa duka.

Anza na kusikiliza. Redio ya kupokea ya masafa mafupi na waya mnaokata wenyewe, wape wanafunzi hesabu, 143 gawanya kwa 7, yaani masafa ya 7 MHz, mpate urefu wa waya kwa mita, waukate, waufunge, wasikie. Wakishasikia sauti inatoka bara lingine kwenye waya waliokata kwa mikono yao hutahitaji kuwabembeleza kuhusu somo la mawimbi. Leseni ombeni ya mwalimu kwanza ili pawe na msimamizi, mkuu wa shule ajue kwa maandishi. Milima ile ya mawe mliyonayo hapo, kama Mtandi, kwa majaribio ya VHF ni mahali pazuri ajabu, ombeni ruhusa kwa wenyewe kabla ya kupanda na vifaa.

Wakati wa maafa watu wa redio ya ridhaa wamesaidia nchi nyingi, maana tayari wanazo betri, waya na mazoea. Ila msisubiri maafa kujitambulisha, peleka jina la klabu kwa kamati ya maafa ya wilaya wajue mpo na mnafika wapi. Yule kijana wa Baofeng wa Mtwara mjini, kama anakusoma hapa, angeanza kwa mtu kama wewe.

Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima wa Mchinga, hayo ya antena siyajui. Sisi wa kawaida tusiokuwa na chama wala boti tufanye nini? Kimbunga cha mwaka 52 kilichopiga Lindi marehemu baba alikuwa akitusimulia, hawakuambiwa na mtu.

Shikamoo mama. Nunua redio ya kawaida ya betri kavu, ile ndogo ya kusikilizia taarifa ya habari, haina leseni na haina mafunzo. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza mapema, Hidaya ilitangazwa siku kadhaa kabla haijafika Mafia, na mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilitangazwa huku kusini ingawa mwisho kilikwenda kupiga Msumbiji. Simu ikizima hiyo redio bado itasema.

Weka betri mpya akiba kwenye mfuko wa nailoni, zisikae ndani ya redio muda mrefu zitavuja. Mwambie mjukuu akuwekee alama ya wino kwenye kioo pale TBC Taifa inaposhika hapo kwako, usihangaike kutafuta usiku gizani. Na muulize mwenyekiti wa kitongoji, ikitangazwa tuhame tunahamia wapi, na nani atapita kwa wazee wanaoishi peke yao. Akikujibu hajui, mwambie aulize kamati ya maafa ya kijiji wiki hii.